Simu mpya haitaondoa mng'ao kwenye kava la gemu

SWALI: Shikamoo kaka. Nauza CD za gemu zilizotumika, nyingi za PlayStation 4 (PS4) na chache za PS5, kwenye ukurasa wangu wa Instagram. Nipo Tabata. Picha napigia sebuleni, naweka CD mezani, na ring laiti, ile taa ya duara, nimeshanunua. Tatizo kava zote zinatoka na duara jeupe katikati, maandishi hayasomeki, na CD nikizipiga upande wa chini zinaonekana zimechakaa kuliko zilivyo. Jamaa mmoja anayefundisha biashara ya mtandaoni kanishauri ninunue simu ya megapikseli 108, halafu nitumie aplikesheni ya akili mnemba inayofuta mikwaruzo. Simu yenyewe inakaribia laki saba. Naomba unisaidie: nichukue simu gani, na aplikesheni ipi ni nzuri? Nina CD kama sitini za kupiga. Msomaji wako, Tabata.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hilo duara jeupe leo asubuhi nimekutana nalo kwenye kurasa tatu tofauti kabla sijamaliza chai. Wengine wanauza pafyumu, wengine simu, wewe gemu, ila duara ni lile lile.

Laki saba zako ziache zilipo. Picha ya wima ya kawaida Instagram inamfikia mteja ikiwa pikseli 1080 kwa 1350, yaani kama pikseli milioni moja na nusu. Simu ya megapikseli 108 inaweza kupiga picha yenye pikseli zaidi ya mara sabini ya hizo, Instagram itazipunguza zote, na mteja ataona duara lako kama kawaida. Hata simu yako ya sasa ina pikseli za kumwaga. Huyo mwalimu wako angekuuliza swali moja tu, taa umeiweka wapi, angekuokolea hela. Ila kuuliza swali hakumpi kamisheni.

Kava la gemu ni plastiki nyororo inayong'aa. CD yenyewe ndiyo kioo kabisa, maana ndani ina tabaka la metali. Sasa wewe umefunga ring laiti kuzunguka simu, simu inatazama kava uso kwa uso. Kioo kirudishe nini kama si ring laiti? Taa ile ilitengenezwa kwa ajili ya nyuso za watu. Kwenye jicho la bibi harusi duara linapendeza, kwenye kava la gemu linakaa juu ya jina la gemu.

Mwanga hugonga kitu bapa ukaruka kwa pembe ile ile uliyoingia nayo, kama mpira wa pool unavyogonga ukingo wa meza. Jaribio lake halihitaji hata kamera. Weka kava mahali pake, kisha sogeza kichwa chako hadi jicho liwe pale lenzi itakapokaa. Ukiiona taa ndani ya kava, lenzi nayo itaiona. Hamisha taa mpaka isionekane. Nimewafundisha vijana jambo hili kwa dakika tano na wakaacha kunipigia simu, kwa hiyo kibiashara ni ushauri mbaya kwangu.

Kwa sebule yako fanya hivi. Zima ring laiti na taa ya dari. Sogeza meza karibu na dirisha, saa mbili hadi saa nne asubuhi, kabla jua la Dar halijapanda utosini. Dirisha liwe ubavuni, kushoto au kulia, si mgongoni mwako. Kava lisimame limeegemea kitabu, usililaze. Sasa utakutana na jambo la nyumba zetu: nondo za dirisha. Ukikosea pembe kidogo tu, kava la bluu la PS4 litaonyesha nondo zote pamoja na wavu wa mbu, na yule mchezaji wa mpira pale mbele ataonekana yuko mahabusu. Tundika shuka jeupe juu ya dirisha, nondo zitapotea na mwanga utalainika. Upande wa pili simamisha manila nyeupe, hizi za stesheneri, ili kivuli kisiwe kizito.

Halafu nyuma yako pawe na giza. Kava linatazama kule uliko wewe, kwa hiyo kitakachoonekana ndani yake ni wewe na ukuta wako. Vaa fulana nyeusi, au tundika kitenge cheusi nyuma. Nisingelitaja hili kama nisingeona kwa macho yangu tangazo la gemu ambalo ndani ya CD muuzaji anaonekana wima, kifua wazi, na kaptula ya Simba. Watu waliongelea kaptula, bei hakuna aliyeuliza.

Simama kama mita moja na uvute kwa lenzi ya 2x kama simu inayo. Ukisogeza simu hadi sentimita ishirini tu kutoka kwenye kava, lenzi pana inavimbisha kava katikati kama andazi. Na picha ikitoka na mistari myeusi ya kulala, hiyo ni taa ya LED: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukitumia dirisha tatizo hilo halikuhusu.

Kuna watakaokuuzia filta ya polaraiza, kile kioo cha kuweka mbele ya lenzi ili kupunguza mng'ao. Kwenye kava la plastiki inasaidia ukipiga kwa mshazari. Kwenye CD haikufai, kwa sababu mng'ao wa metali hauchujiki hivyo.

Twende upande wa chini wa CD, maana hapo ndipo mnapokosea wengi. Unasema zinaonekana zimechakaa kuliko zilivyo. Sehemu ya unachokiona si uchakavu. CD ya zamani, tuseme ya PS1, mistari yake ya data imeachana kwa mikromita 1.6 (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita), DVD kama za PS2 ni 0.74, na Blu-ray, ambayo ndiyo PS3, PS4 na PS5 zinatumia, ni 0.32. Mistari ikiachana zaidi, rangi za upinde wa mvua zinakuwa kali. Ikibanana sana, diski inakaa karibu kama kioo kitupu. Kwa hiyo gemu la PS2 litatoa rangi na la PS4 litatoa sura yako, na yote mawili ni mazima. Kinachobaki ni vumbi, alama za vidole na mikwaruzo. Vumbi na vidole futa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Mikwaruzo ndiyo tunayoizungumza.

Na hapa ndipo naomba unisikilize, kwa sababu swali lako la aplikesheni ndilo lililonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine.

Usifute mkwaruzo. Upige picha. Laza CD juu ya fulana nyeusi, upande wa kusomwa ukiwa juu. Simama kwa mshazari, kisha upande wa pili wa meza, mkabala na wewe, weka kiti chenye kitambaa cheusi, ili CD irudishe weusi tupu. Washa tochi ya simu nyingine, ilaze chini kabisa ubavuni, mwanga ukwangue juu ya CD. Mikwaruzo itawaka kama nyuzi nyeupe. Ile miembamba isiyoshika ukucha kwa kawaida haina shida. Wa kuogopa ni ule unaozunguka, unaofuata njia ya data: mkwaruzo unaokata kutoka katikati kwenda pembeni mashine huuruka kirahisi na kusahihisha, lakini unaozunguka unafuta data mfululizo. Picha hiyo moja inamwambia mnunuzi mzoefu kila kitu.

Mwaka juzi nilimnunulia kijana wangu gemu la PS4 kwenye ukurasa mmoja wa hapa hapa mjini. Picha ilikuwa safi, CD inang'aa kama imetoka kiwandani. Boda akaleta jioni. Kijana akaichomeka, ikaanza kunakili data kwenye mashine, ikafika karibu nusu ikagoma. Nikatoka nayo barazani, nikaiinamisha kwenye taa: mkwaruzo mmoja umezunguka kama mstari wa santuri. Nikarudi kwenye ile picha ya muuzaji, nikaivuta. Namba ndogo zinazozunguka tundu la katikati zilikuwa zimeyeyuka kama nta ya mshumaa. Ndivyo aplikesheni hizi zinavyofanya: hazijui kilichokuwa chini ya mkwaruzo, zinabuni, na zikifika kwenye maandishi madogo zinabuni upuuzi. Mimi mpiga picha wa miaka mingi, na nilidanganywa na picha. Nilipomwandikia akajibu iliondoka kwake ikiwa nzima, kisha akanibloku.

Wanaouza ujanja huu wanauita "kuboresha picha". Kurekebisha rangi ili bluu ya kava iwe bluu ile ile iliyo mkononi ni kuboresha. Kukata ukingo wa meza, sawa. Kufuta mkwaruzo wa kitu unachokiuza kama kilichotumika ni kumwuzia mtu kitu kingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu hali ya bidhaa, na kisingizio kwamba ni Instagram tu hakikusaidii. Ila tuseme ukweli, kitakachokufikia kabla ya sheria ni nauli ya boda kwenda na kurudi, hela ya kurudisha, na picha ya skrini ya mazungumzo yenu ikizunguka kwenye magrupu ya gemu.

Ndugu yake aplikesheni ni dawa ya meno. Najua utaambiwa, kama bado hujaambiwa: paka dawa ya meno, sugua, CD inakuwa mpya kwenye picha. Kwenye DVD data imekaa katikati ya unene wa diski, kama milimita 0.6 ndani, kwa hiyo ukikwangua plastiki ya juu kidogo unaweza kupona. Kwenye Blu-ray data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, na juu yake kuna tabaka gumu jembamba la kuikinga. Dawa ya meno ni mchanga laini. Ukisugua unaondoa ile kinga, unaacha ukungu wa mikwaruzo midogo mia, na kwenye picha ya mwanga laini kweli itaonekana safi. Mwambie anayekushauri aanze na ya kwake. Hata mafundi wenye mashine za kusugulia diski, muulize kwanza kama mashine yake ni ya Blu-ray. Akikujibu "CD zote ni sawa", chukua mzigo wako uondoke.

Na hii haiishii kwenye gemu. Ukipita kurasa za simu za mtumba, viatu vya mtumba, televisheni za mtumba, utaona mtindo mmoja: picha ya kiwandani iliyodakwa intaneti, au ya kwake iliyooshwa mpaka kitu hakina umri. Halafu chini inaandikwa "kama mpya". Mimi siku hizi nikiona televisheni iliyotumika haina hata alama ya kidole pembeni, napita. Wateja wako nao wanajifunza haraka. Anayeonyesha kona ya kava iliyopasuka ndiye anayeulizwa "mwisho ngapi", kwa sababu mtu ameshamaliza kuogopa.

CD sitini zisikutishe, ni asubuhi mbili ukishapanga meza. Kila moja mbele, mgongo wa kava, nyuma, na CD upande wa chini. Mgongo usiuache: ile namba inayoanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5, pamoja na alama ya umri pale mbele, PEGI ya Ulaya au ESRB ya Marekani, inamwonyesha mteja gemu ni toleo la Ulaya au la Marekani, na nyongeza za kupakua hufuata toleo. Ila ukifungua kava ukakuta kikaratasi chenye kodi ya kupakulia nyongeza, yaani namba ya siri ya tarakimu na herufi 12, kigeuze kabla hujapiga. Kuna jamaa aliipiga ikiwa wazi, akaposti usiku, asubuhi mteja halali akaambiwa kodi imeshatumika.

Anza na ile unayoiona mbovu kuliko zote, piga kwa tochi na fulana nyeusi, unitumie WhatsApp. Itume kama dokyumenti, si kama picha, maana ukiituma kama picha itabanwa na mikwaruzo midogo yote itapotea njiani.