Swali la lugha: "Mtu mzima" ni yupi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, wilayani Bahi, Dodoma. Parokia iliniomba niwaeleze wanakijiji Kanisa linayaonaje maendeleo, na Umoja wa Mataifa unayapimaje. Nikasema maendeleo ya kweli ni ya "kila mtu na mtu mzima". Mzee mmoja akauliza, "Na watoto je?" Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee alisikia sawasawa. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake wa 1967, alidai maendeleo yamfikie kila mtu, tena yamguse mwili, akili na roho yake pamoja. Wewe ulikusudia "mzima" wa mkate mzima, usiomegwa. Lakini neno hilo likimfuata mtu, kwanza tunamwona aliyekwisha kukua. Ndiyo maana 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kila mtu alijua wanaoitwa darasani ni akina nani.

Wengine huandika "mtu kamili". Mimi silipendi: mwenye ulemavu aliyeketi mkutanoni atajiuliza kama yeye ni pungufu.

Idhaa ya Kiswahili ya Vatican husema "maendeleo fungamani ya binadamu", na hapo nawapongeza. Kitenzi fungamana tunakijua tangu enzi za "nchi zisizofungamana na upande wowote". Mambo yakifungamana, ukivuta moja yanakuja yote. Kisima kikichimbwa kijijini, binti aliyekuwa akifuata maji mbali anawahi shule, na mama yake anapata nafasi ya kwenda jumuiya.

Kwa ripoti za Umoja wa Mataifa, zilizoanzishwa 1990 na mchumi Mpakistani Mahbub ul Haq, sema tu "maendeleo ya binadamu". Zenyewe hupima umri wa kuishi, elimu na kipato. Mchumi Mhindi Amartya Sen, aliyesaidia kukiunda kipimo hicho, husisitiza uwezo wa mtu kuishi maisha anayoyathamini. Pande zote mbili zinakataa kuyapima maendeleo kwa fedha peke yake. Roho ndiyo Kanisa linaiongeza. Ukitenganisha majina hayo mawili, msikilizaji atapaona wanapokutana na wanapoachana.

Ila "fungamani" bado ni neno la redioni. Kijijini ningesema: "kila mtu, na utu wake wote". ("Mtu wote" halizoeleki masikioni, "utu wote" linakaa vizuri.) Mtoto yumo, bibi yumo. Mwanzie yule mzee, umsikie atauliza nini.