Mfuko uwe umejaa kabla ya shambulio

Mhariri, mmeuliza wiki hii nchi jirani zenye urafiki ziwekeze vipi katika ulinzi wa pamoja ili fedha zisipotee. Mimi ni msomaji wa Mtwara, na Msumbiji iko ng'ambo tu ya Ruvuma. Oktoba 2020 waasi kutoka Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, walivuka mto huo wakashambulia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba.

Kwa maoni yangu fedha zinunue vitu viwili: kufika mapema na kukaa muda wa kutosha. Vifaru vya gwaride vinapendeza uwanjani, ila kwenye vichaka na mikoko ya Ruvuma sijui vingepita wapi.

Mkataba wa Ulinzi wa SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ulisainiwa papa hapa nchini, Dar es Salaam, mwaka 2003. Unatamka kwamba mwanachama akishambuliwa, amani ya kanda nzima iko hatarini na hatua ya pamoja ichukuliwe mara moja. Halafu unaruhusu kila nchi ishiriki kwa namna itakayoona inafaa, na hapo ndipo mikoba inapofungwa. Mapigano ya Cabo Delgado yalianza katika mji wa Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Kikosi cha SADC, SAMIM, kiliingia Julai 2021, miezi michache baada ya mji wa Palma kuvamiwa na waasi, na kampuni ya TotalEnergies kusimamisha mradi wake wa gesi huko. Ni kweli Msumbiji yenyewe ilisitasita kupokea majeshi ya nje. Lakini hata ingeita mapema, tungeanza kupitisha bakuli kama mchango wa msiba. SAMIM ikaondoka Julai 2024, uhaba wa fedha ukiwa miongoni mwa sababu, na waasi hawajaisha.

Rwanda si mwanachama wa SADC wala haipakani na Msumbiji, lakini ilitangulia kufika na askari wapatao 1,000. Mwezi uliofuata, Agosti, wao na jeshi la Msumbiji waliikomboa Mocímboa da Praia. Baadaye Umoja wa Ulaya ukaliidhinishia jeshi la Rwanda euro milioni 20, mwaka 2022, na kiasi kama hicho tena 2024. Siwalaumu. Ila usingizi wa watu wa Kitaya usitegemee kikao cha Brussels.

Kwa hiyo uwepo mfuko wa kudumu, kila nchi ichangie kila mwaka kulingana na pato lake, wa kutosha kulisha na kusafirisha kikosi kwa miezi sita ya mwanzo bila kuomba mtu. Bohari ya kikosi cha SADC ilipangiwa Rasesa, Botswana. Kutoka huko hadi Ruvuma ni mbali mno. Ghala dogo liwe hapa Mtwara, bandari yenye kina tunayo.

La tatu ni rahisi, na pengine ndiyo maana halizungumzwi. Wamakonde wako kingo zote mbili, na Kiswahili, ambacho SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019, kinaeleweka pwani ya Cabo Delgado. Mvuvi ndiye wa kwanza kuona mtumbwi usio wa kawaida. Apewe namba ya simu inayopokelewa Tanzania na Msumbiji kwa pamoja, doria za mto zitumie redio zinazosikilizana, na aliyetoa taarifa asigeuzwe mshukiwa.

Na kila mkutano wa wakuu wa SADC, majina ya nchi zisizolipa mchango yasomwe hadharani, yetu ikiwemo.