Aisii inazidiwa usiku, nisuke miksa yangu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeunda risiva ya mita 40 (yaani 7 MHz hivi) kwa ile aisii ya miksa, SA612, mchana iko poa ila giza likiingia tu stesheni za matangazo zinajaa kila ninapozungusha. Jamaa yangu anasema toa hiyo, suka miksa (sehemu inayochanganya mawimbi ya antena na ya osileta ili kubadili masafa) mwenyewe kwa dayodi nne 1N4148. Kweli ya kusuka nyumbani inaishinda ya kiwandani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kwa shida yako hiyo inaishinda, tena mbali, ila aisii yako usiing'oe kwanza. SA612 inakuza karibu desibeli 17, inakula miliampea 2.4 tu na osileta (saketi inayozalisha mawimbi ya kuchanganyia) imo humohumo, sasa ubaya wake inazidiwa mapema, intasepti yake ya tatu (kipimo cha inavyohimili mawimbi makali, kubwa ndo bora) ni kama -15 dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati 1), na matangazo yanaanzia 7.2 MHz, jirani yako kabisa, usiku yanaingia na nguvu zote yanachanganyikana yenyewe kwa yenyewe humo ndani. Ya dayodi inapoteza desibeli 6 au 7 lakini intasepti inafika +13 hivi. Huo upotevu usikutishe, kwenye 7 MHz kelele za antena ziko juu kuliko za risiva.

Kazi iko kwenye osileta, dayodi zinataka +7 dBm, yaani miliwati 5, ni volti 1.4 kilele kwa kilele kwenye ohm 50, halafu na kule mawimbi yanakotokea kwenye miksa lazima yakute ohm 50 kwa masafa yote, wengi hapo ndo wanakwama alafu wanalaumu dayodi.

Dayodi nunua hata ishirini, pima kwa multimita uchague nne zinazosoma sawa, na usizishike na vidole! Joto la mkono linashusha milivolti 2 hivi kwa kila digrii. Mimi ya kwanza nilipima nimezishika, osileta ikawa inavuja mpaka kwenye antena.

Leo usiku lakini jaribu hivi: resista ya ohm 68 kwenye njia ya antena, na ohm 100 kila upande kwenda arthi. Hapo umepunguza karibu desibeli 10. Kama ni aisii inayozidiwa, ule uchafu utashuka karibu desibeli 30, na miksa mpya pengine usiihitaji.