Kioo kije kabla ya ganzi

Mmeuliza wiki hii: kwa nini mtu aliyetolewa saratani ya ngozi usoni, akaambiwa imekwisha, bado anajifungia ndani? Mara nyingi ni kwa sababu hakuambiwa urefu wa kovu. Aliingia na kipele cha sentimita 1, ametoka na mshono wa zaidi ya sentimita 5. Anaamini ameharibiwa.

Hesabu yake ni hii. Kipele hukatwa pamoja na ngozi nzima ya kando, tuseme milimita 4 kila upande, upana ukawa milimita 18. Tundu la duara likishonwa hivyo hivyo huacha manundu kwenye ncha, kwa hiyo hukatwa umbo la mtumbwi, urefu mara 3 ya upana: sentimita 5.4. Mtumbwi huo uchorwe kwa kalamu usoni, mgonjwa ameshika kioo, kabla ya sindano ya ganzi.

Pua, midomo na kope havina ngozi ya akiba ya kuvuta na kushona, hivyo huenda ikaletwa ya mahali pengine. Ngozi iliyopandikizwa kutoka pajani hubaki na rangi yake. Ya nyuma ya sikio au juu ya mtulinga hufanana zaidi na uso. Ngozi ya kupandikizwa pia husinyaa: ikivuta kope ya chini, jicho hutoka machozi kutwa na abiria wa daladala wanadhani mtu analia. Pua ikijengwa kwa nyama ya paji la uso, mgonjwa hukaa kama wiki 3 na mkunjo wa nyama unaoning'inia kati ya nyusi. Asipojua hilo, atakuwa ameahidi kufungua duka Kariakoo wiki ya pili!

Uvimbe huzidi siku ya 2 na ya 3, nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi ya 7, kisha kovu hugeuka gumu na jeusi kwa miezi kadhaa kabla ya kulainika. Hapo ndipo mkorogo wa kujichubua unapoingia, na dawa ya steroidi ambayo mara nyingi imo ndani yake huikondesha ngozi. Kidonda kikishafunga kabisa, kovu lisuguliwe taratibu kwa mafuta mepesi dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku, na likingwe jua. Likianza kutuna na kuwasha, arudi mapema achomwe sindano kabla halijatambaa.

Mwenye ualbino ana jambo la ziada: huenda akakatwa tena, hivyo anahesabu ngozi iliyobaki. Daktari naye aihesabu.

Ndugu husema "mshukuru Mungu, umepona", na mgonjwa ananyamaza. Bora aulizwe: ukijitazama, kinachokukera zaidi ni nini? Anayejibu "chai inanidondoka mdomoni" hakerwi na kovu hata kidogo. Mdomo wake ndio unaotakiwa kurekebishwa, na hilo mara nyingi linawezekana.