Futiboli ya ukumbini: ulizeni kwanza nani analipa

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu futiboli ya Kimarekani inayochezwa ndani ya ukumbi. Wengi mnauliza namna ya kuingia. Wachache wanauliza watakula nini wakishaingia, na mimi nitawajibu zaidi hao wachache.

Tofauti yake na NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ni nini? (Msomaji, Morogoro)

Nimelijibu swali hili mara nyingi, na safari hii ni ya mwisho. Uwanja una urefu wa yadi 50 badala ya 100, kila upande una wachezaji wanane badala ya kumi na mmoja, na pembeni kuna ukuta wenye magodoro ambao mchezaji hubamizwa nao au huupitia juu akaangukia watazamaji wa mstari wa mbele. Katika sheria za ligi ya mchezo huu, Arena Football League, yaani AFL, kandokando ya goli kuna nyavu, na mpira ukizigonga ukarudi, mchezo unaendelea. Jim Foster ndiye aliyeubuni baada ya kutazama soka la ukumbini jijini New York mwaka 1981. Ligi ilianza mwaka 1987 ikiwa na timu nne.

Kurt Warner alitokea huko hadi Super Bowl, fainali ya NFL. Kwa nini unawavunja moyo vijana? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu kila mwenye timu anayetaka kumlipa kijana kiduchu humtajia Warner kwanza, ndugu yangu. Sasa tumtazame Warner mwenyewe. Mwaka 1994 Green Bay Packers ya NFL walimtema akiwa kambini. Akarudi Iowa, akawa anapanga bidhaa rafuni usiku katika duka la Hy-Vee kwa dola 5.50 kwa saa. Mwaka 1995 akaingia Iowa Barnstormers ya Des Moines, akacheza misimu mitatu na kuifikisha timu fainali mara mbili, zote akafungwa. Mwaka 1998 akapelekwa Amsterdam kucheza ligi ya Ulaya. Nafasi ya kuanza katika St. Louis Rams ya NFL aliipata mwaka 1999 baada ya Trent Green kuumia goti. Hapo ndipo alipopiga pasi 41 za tachidauni, yaani za kufunga alama, akachukua Super Bowl, na mwaka 2017 akaingizwa katika jumba la magwiji.

Siukani ufundi alioupata ukumbini. Uwanja ni mwembamba, mabeki wako puani, na kotabeki, yaani mrusha pasi, asiyeamua upesi anamezwa. Shule ile ilimfaa kweli. Fred Jackson naye alitoka Sioux City Bandits, na mwaka 2009 akavuka yadi 1,000 za kukimbia na mpira akiwa Buffalo Bills ya NFL. Lakini tangu 1987 ni maelfu waliopita katika kumbi hizo, na majina mnayonitajia kila mwezi ni yaleyale mawili matatu. Eddie Brown wa Albany alichaguliwa mwaka 2006 kuwa mchezaji bora wa historia ya AFL, na hakucheza hata mechi moja ya NFL. Huyo ndiye kipimo changu, maana uwezo alikuwa nao.

Mshahara ni kiasi gani? (Msomaji, Dodoma)

Swali la maana. AFL iliporudi mwaka 2010 baada ya kufilisika, malipo ya kawaida yalikuwa dola 400 kwa mechi. Msimu ulikuwa na mechi 16. Zidisha: dola 6,400 kabla ya kodi. Katika ligi ndogo huwa chini ya hapo. Timu nyingi humpa mchezaji malazi wakati wa msimu. Msimu ukiisha anakabidhi funguo, na wengi hurudi kwenye ualimu, ulinzi, au kufundisha watu mazoezi ya viungo.

Hata hicho kidogo hakina uhakika. Machi 2012 wachezaji wa Pittsburgh Power walikuwa Orlando kwa mechi ya kwanza ya msimu, kukiwa na mgogoro wa malipo na tishio la mgomo. Wakiwa mezani kwa chakula cha kabla ya mechi, mwenye timu akawatangazia kwamba wameachishwa kazi. Mwaka 2024 AFL ilifufuliwa tena kwa mbwembwe, na ndani ya wiki chache timu kadhaa zilikuwa zimekufa msimu ukiendelea. Kabla ya kusaini, uliza pesa zinatoka akaunti ya nani, zinalipwa siku gani, na timu ikifungwa nani atakulipia nauli ya kurudi kwenu.

Mwanangu yuko Ohio. Ameitwa majaribio na kutakiwa alipe ada. Ni matapeli? (Mama, Columbus)

Si lazima, mama. Timu nyingi za ukumbini hutoza ada ya majaribio, na kwa baadhi yake ada hizo ni sehemu ya mapato. Alipe mara moja kama ana kiu nayo. Akiitwa "awamu ya pili" na kudaiwa tena, arudi nyumbani.

Nacheza raga Nakuru. Wakala anataka dola 1,500 aniunganishe na timu ya ukumbini. (Msomaji, Nakuru)

Usimpe hata shilingi. Ombi la viza ya wanamichezo, P-1, hupelekwa na upande wa Marekani, na timu inayolipa kwa mechi mara chache itahangaika na gharama hiyo kwa mtu asiyejulikana. Ukienda kwa viza ya matembezi ukacheza kwa malipo, umevunja sheria, na atakayezuiwa kurudi ni wewe. Daniel Adongo, Mkenya mwenzako, alisajiliwa na Indianapolis Colts ya NFL mwaka 2013 moja kwa moja kutoka raga. NFL yenyewe ina mpango wa wachezaji wa nje ulioanza mwaka 2017. Jordan Mailata wa Australia, mtu wa raga, alipitia huko akachukuliwa na Philadelphia Eagles mwaka uliofuata. Elekeza macho huko.

Uwanja ukiwa mdogo, si hatari inapungua? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Aprili 2005 Al Lucas wa Los Angeles Avengers, mwenye miaka 26, aliumia uti wa mgongo akijaribu kumkaba mpinzani, akafariki siku hiyohiyo. Muulize mwajiri cheti cha bima ya fidia ya wafanyakazi, ukione kwa macho yako kabla hujavaa kofia ya kujikinga. Akisema kitakuja baadaye, usiingie uwanjani.