Jibu kwa unayetaka kumpeleka mzee Kakamega "akapumzike" kabla ya upasuaji wa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni)

Usimpeleke akalale, ndugu yangu. Nakuomba kabisa.

Umeuliza mambo matatu: SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa kiasi gani, mzee atakula nini akishapasuliwa, na kama ni vizuri arudi kijijini kupumzika sasa kwa vile amemaliza mionzi na kemo na tarehe ya upasuaji bado wiki kadhaa. Leo najibu hilo la mwisho tu, maana ndilo lililotufikisha ICU.

Baba yetu alipasuliwa umio. Naye alikuwa ametoka kwenye mionzi, amekonda, anameza uji kwa shida. Tukamrudisha nyumbani kijijini Bahati, akatandikiwa sebuleni, na mama akawa anamletea kila kitu pale pale, hata maji ya kunawa. Amri hiyo ilitoka kwa baba mdogo. Yeye aliwahi kufanya kazi hospitalini zamani, basi kwetu mtu akiumwa hata jino lazima aulizwe yeye. Akasema mgonjwa wa kansa hatembezwi, anatunza nguvu zake kwa ajili ya kisu. Alikuwa stoo! Alikuwa akihesabu mashuka! Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza alikuwa idara gani.

Nguvu hazitunzwi kwa kulala. Mzee akilala mchana kutwa, misuli ya miguu inayeyuka, na ile ya kupumua inalegea pamoja nayo. Siku ya kulazwa baba hakuweza kupanda ngazi za ghorofa moja, na mwezi mmoja nyuma alikuwa akitembea mwenyewe hadi dukani. Kansa peke yake haikumfanya hivyo. Kitanda kilichangia sana.

Na upasuaji wenyewe uelewe ulivyo, kwa sababu sisi hakuna aliyetukalisha akatueleza. Wanakata umio, kisha tumbo la chakula linavutwa juu kifuani lichukue nafasi yake. Mara nyingi hufunguliwa tumbo na kifua pia, na wakati wanafanya kazi kifuani, pafu la upande huo huachwa bila hewa ili madaktari wapate nafasi. Mtu akizinduka, kila pumzi inauma. Kwa hiyo anapumua juu juu. Sehemu ya chini ya mapafu haifunguki, makohozi yanakaa humo, na baada ya muda mfupi ni nimonia. Matatizo ya mapafu ni miongoni mwa yanayowapata mara nyingi zaidi wagonjwa wa upasuaji huu, na ni miongoni mwa yanayowaua. Sisi usiku kucha tulikuwa tukiombea mshono tu.

Hapo baba mdogo akarudi tena, safari hii kando ya kitanda cha wodi. Akamnong'oneza mgonjwa asikohoe, nyuzi zitafunguka. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya tiba, alipokuja asubuhi kumkalisha, baba akakataa. Fizio akija jioni, baba anajifanya amelala. Na sisi tukimtetea: "Mwacheni mzee, ana maumivu." Kufikia siku ya tatu homa ikapanda, pumzi ikawa fupi, akarudishwa ICU na kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Kipande cha shamba kule Subukia kiliuzwa kwa ajili ya bili ile. Baba yuko hai, namshukuru Mungu, lakini nikisikia mtu akisema "mwacheni apumzike" damu inanichemka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: mapafu na miguu vianze kazi kabla ya kisu, na visisimame baada yake. Wewe una wiki kadhaa mkononi. Kesho mpigie daktari wake uulize kama moyo na damu vinaruhusu mazoezi, kisha uombe aonwe na fizio sasa, kabla ya kulazwa. Usisubiri wakupe, omba. Akiruhusiwa, atembee kila siku mpaka ahisi pumzi imeongezeka kidogo lakini bado anaweza kuongea. Asiposhindwa, kesho yake aongeze kidogo. Awe anainuka kitini na kukaa bila kushika, mara kadhaa. Kama anavuta sigara au kiko, aache leo hii, asingoje wiki ya upasuaji.

Na pumzi. Avute hewa taratibu kupitia puani mpaka mbavu za chini zitanuke, aishike kama sekunde tatu, aachie. Pumzi kama kumi, kila saa anapokuwa macho. Mkipewa kile kifaa cha plastiki chenye mrija na vijipira vitatu, tafadhali: ANAVUTA, HAPULIZI. Wodini kwetu nusu ya wagonjwa walikuwa wakipuliza, na jamaa zao wanawapigia makofi. Vijipira vipande kwa kuvuta hewa ndani, polepole, kwa sababu kinachotafutwa ni pafu kufunguka.

Kukohoa pia ajifunze sasa, kabla hajawa na kidonda. Akumbatie mto au blanketi lililokunjwa, alikandamize pale mshono utakapokuwa, ndipo akohoe. Kuna na njia nyingine ya kupandisha makohozi: anafungua mdomo na kutoa pumzi kwa nguvu, "haa", kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo. Mshono unashikiliwa na mto ule, si rahisi ufunguke kwa kukohoa hivyo. Mwambie hivyo mapema, kabla hajafikiwa na baba mdogo yeyote.

Baada ya upasuaji, akiwa na maumivu, dawa ya maumivu iombwe kabla fizio hajafika, si baada. Asiyeweza kuvuta pumzi kwa maumivu hana mazoezi yoyote atakayofanya. Madaktari wakiruhusu, anakalishwa kitini siku inayofuata, halafu anasimama, halafu anatembea korido hata kama ana mipira ya kutoa maji na hewa kifuani. Ile chupa ambayo mipira hiyo inamwagia inabebwa chini ya usawa wa kifua, na nesi atawaonyesha. Mkono wa upande uliofunguliwa nao uzungushwe na kupandishwa ukutani kwa vidole, la sivyo bega linaganda. Baba hadi leo anavaa shati kwa kusaidiwa.

Asilale chali bapa, hata nyumbani. Tumbo likishakuwa kifuani hakuna tena kizuizi cha kawaida cha kuzuia chakula kupanda, kikaingia kwenye mapafu. Inueni kichwa cha kitanda chenyewe kwa matofali chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwa. Mito peke yake inateleza usiku.

Homa, pumzi kukatika, moyo kwenda mbio, maumivu mapya ya kifua: hapo mazoezi yanasimama na daktari anaitwa saa hiyo hiyo, iwe usiku wa manane.

Sasa niambie: mzee anaweza kupanda ngazi za ghorofa moja bila kusimama? Daktari akisharuhusu, mjaribu akiwa na mtu pembeni, kisha andika hapa. Na kama tiketi ya matatu ya Kakamega imeshakatwa, irudishe.