Zambarau na ini la mzee

SWALI: Habari daktari. Mzee wangu alipigwa ultrasaundi akaambiwa ini lake lina mafuta, na wikendi huwa anakunywa. Sasa kuna jirani hapa Kondele anatuuzia poda ya bluberi, ati iko na antioksidanti za kusafisha ini na akianza hiyo hakuna haja ya kurudi kliniki. Ni ukweli? Na zambarau zetu je?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Dadangu, nashukuru umeuliza kabla ya kutoa pesa. Ukikata avokado ukaiacha kwa sahani si unaona inageuka hudhurungi, lakini ukiikamulia ndimu inakawia, juu vitamini C ya ndimu inaikinga na hewa, na kitu cha kukinga hivyo ndicho kinaitwa antioksidanti. Sasa kwa ini kuna kitu kinafanana na hicho. Ini ndilo linavunja pombe na dawa, na kwa hiyo kazi kunatokea chembechembe kali za oksijeni zinazochoma seli, ila ini lina kinga yake linajitengenezea, inaitwa glutathioni, na pombe ya kila mara inaipunguza sana, ndio maana mtu wa kunywa akimeza parasetamoli nyingi ini linaumia upesi.

Zambarau, ama jamna vile wengi hapo Kisumu tunaziita, ile rangi inabaki kwa ulimi mpaka watoto wanatoleana ulimi kuonyeshana, hiyo ndiyo antosianini, na iko pia kwa bluberi, forosadi na stroberi. Kwa maabara, kwenye seli na kwa panya, imeonekana inaamsha vimeng'enya vya ini vya kujilinda. Lakini panya si mzee wako! Kwa binadamu utafiti bado ni mdogo, na ukila, sehemu kidogo tu ya hiyo rangi ndio inafika kwa damu.

Kwa hivyo matunda mle, tena mle mazima, si juisi ya kutiwa sukari kwa sababu sukari nyingi inageuzwa mafuta na ini lenyewe. Poda sitaki aitumie. Kuna watu wameumizwa ini na vidonge vya majani ya chai ya kijani iliyokolezwa, na vilikuwa vinauzwa kama vitu vya asili tu.

Kitu kitamsaidia kweli ni kuacha pombe, na kama ana uzito mwingi kupunguza asilimia 7 hadi 10, yaani mtu wa kilo 90 atoe kama kilo 6 hadi 9, polepole, kwa kutembea na kupunguza soda na chipo. Najua si rahisi, nimeona wengi wakihangaika na hiyo, lakini hapo ndipo mafuta ya ini hupungua.

Na kliniki arudi, tafadhali. Hiyo pesa ya poda mwambie alipie kipimo cha hepataitisi B, ugonjwa wa virusi vinavyoshambulia ini, kama hajawahi kupimwa, kwa sababu mtu anaweza kaa nayo miaka mingi bila kuhisi chochote, na wewe pia upimwe mkienda pamoja.